Visa ya Mtu Mmoja

Binti yangu alinipa siku kumi na moja nichague nchi ya kuzeekea. Mwenyewe alisema si yeye, ni sheria. Ujumbe wake wa sauti uliingia nikiwa nageuza muhogo juani nyuma ya nyumba yetu hapa Baraka, nikauacha usubiri mpaka nimalize, kwa sababu muhogo ukinyeshewa hakuna sheria itakayokuja kuuanika upya. Nilipousikiliza, kwanza nilimsikia akivuta pumzi, kama afanyavyo siku zote akiwa na jambo zito.

"Mama, banabadirisha sheria tena. Mulango ya bazazi banaifunga mwisho wa mwezi. Chagua, Mama. Mbio mbio."

Niliusikiliza mara tatu. Mara ya kwanza nilifurahi, mara ya pili nikaogopa, mara ya tatu nikakasirika, na hasira ndiyo iliyobaki. Nimefundisha darasa la kwanza miaka thelathini na minane mpaka nilipostaafu. Sijawahi kumpa mtoto wa miaka sita maswali mawili na kumtaka ajibu kabla sijamaliza kuandika ubaoni.

Maswali yenyewe yalikuwa haya. Nchi ya kwanza ni anakoishi yeye, nchi ya theluji, ambako ana mume, ana kazi ya kutunza wazee wa watu wengine, na ana watoto wawili ambao mimi, bibi yao, sijawahi kuwabeba. Huko alikuwa ameshaandika jina langu kwenye ombi la visa ya wazazi. Nchi ya pili ni ya joto, ina bahari, hatuna ndugu hata wa kusingizia, lakini inatoa visa kwa wastaafu wanaotunzwa na watoto wao. Wazazi wa rafiki yake wamekwenda huko na wanatuma picha wakila samaki kwenye baraza. Mimi sihitaji kusafiri ili nile samaki. Lakini magoti yangu yamechoka, barabara ya kwenda shamba siku hizi unaipita ukisali, na wale wajukuu wawili walikuwa wakinivuta kwa kamba nisiyoweza kuikata.

"Na Papa?" nilimwandikia.

"Papa atafuata," akajibu.

Hapo ndipo damu iliponipanda. Niliwahi kuondoka bila mume wangu mara moja, wakati wa vita, na tulipokutana tena niliapa kwamba labda kaburi litutenganishe, si kitu kingine. Theluji yao, bahari yao, vyote vizuri. Mimi nilitaka kujua jambo moja tu: ni nchi gani kati ya hizo mbili ina nafasi ya watu wawili.

Nilikwenda sekretaria, kwa mama mmoja mwenye kompyuta, mashine ya kopi na subira ndogo. Alifungua fomu ya nchi ya theluji, akanisomea.

"Mwalimu, uko na bwana?"

"Niko naye."

"Cheti ya mariaji ya Leta?"

Leta ndilo jina tunaloita serikali, na sisi Leta hatukuialika. Tulioana mbele ya ukoo na mbele ya kanisa, yapata miaka arobaini na mitatu sasa. Majembe yalipokelewa, mbuzi wakaletwa, shangazi zangu wakamkataa mbuzi mmoja mwenye jicho bovu, akarudishwa Lweba, kwao mume wangu, akaja mwingine. Mchungaji akatuwekea mikono. Nani alifikiria kwamba siku moja mtu wa mbali atataka muhuri? Mbaya zaidi, kwenye faili langu la ualimu imeandikwa kwamba sijaolewa. Waliandika hivyo nilipoajiriwa, kabla ya ndoa, na hakuna aliyerudi kufuta. Kwa hiyo nimezaa watoto wanne nikiwa msichana wa serikali.

"Basi, fungua ile ya bahari," nikamwambia.

Akaifungua. Hiyo haikujali sana mambo ya ndoa. Ilitaka kila mwombaji awe ametimiza miaka sitini, basi. Mimi nina sitini na mitatu. Mume wangu ana sabini. Nikatoa kadi yake ya mpiga kura, ndicho kitambulisho pekee alicho nacho, nikaiweka mezani kwa madaha. Yule mama akaiangalia, akaniangalia mimi.

"Hapa banasema iko na hamsini na munane."

Niliijua hiyo dhambi. Nilikuwa nimeisahau tu.

Mume wangu ni mvuvi, na kwenye ekipe yao, kundi lao la uvuvi, kuna desturi. Mtu akifika sitini, wenzake humshusha. Hawamfukuzi. Humwekea kigoda ufukweni, humpa sindano ya nyavu, na kuanzia siku hiyo anashona tu, na fungu lake la ndagala, dagaa wa ziwa letu, linapelekwa kwake kila chombo kikirudi. Wako wanaoiona heshima. Mume wangu aliiona ni kuzikwa hai kivulini. Basi walipokuja kuandikisha wapiga kura, alinyoa kichwa kikang'aa, akapanga foleni kifua mbele, akamtajia karani mwaka uliomchelewesha kuzaliwa kwa miaka kumi na miwili. Kadi ikatoka. Na kila mara ekipe ilipoanza kunong'ona, aliichomoa mfukoni, akawanyamazisha. Mimi, niliyepima umri wa watoto wa Baraka nzima kwa kuwapitisha mkono juu ya kichwa washike sikio la upande wa pili, nilikula ugali na mwizi wa miaka kumi na miwili na sikumshtaki kwa mtu.

Jioni ile nilimweleza yote. Alicheka aliposikia mimi ni msichana wa serikali. Aliposikia habari ya kadi hakucheka. Aliketi akichokoa mwiba wa samaki kwenye meno, halafu akasema, "We enda kwa mutoto. Mi nitafuata."

"Rudia hilo neno," nikamwambia, "halafu uone nani atakupikia kesho."

Hakulirudia. Ila niliona kwamba halijamtoka.

Siku ya tisa sheria ikabadilika tena. Mwisho wa mwezi ukawa si mwisho wa mwezi. Waliongeza miezi miwili, bila kusema kwa nini, kama walivyopunguza bila kusema kwa nini. Binti yangu alinitumia habari hiyo huku analia kwa furaha. Mimi sikulia. Nilimwambia mume wangu aoge, avae shati jeupe, tunakwenda kuoana.

Karani wa ndoa ni mtu mzima, tulimheshimu, na yeye alijitahidi asicheke. Alilinganisha karatasi zetu mara mbili.

"Mwalimu, kwa karatasi hii we ni mukubwa wake na miaka tano. Unaolewa na mutoto?"

Nyuma yangu kwenye benchi walikuwepo wanawake waliokuja kuandikisha watoto, na wawili kati yao niliwafundisha kusoma. Walipasuka. Na kwa kuwa sheria inataka tangazo la ndoa libandikwe ukutani kwa majuma kadhaa, ili mwenye pingamizi ajitokeze, habari ilitembea mpaka sokoni. Nikipita kununua mboga ya lengalenga naitwa bibi harusi. Muuza mafuta ya mawese mmoja aliniuliza kama mahari ni vitabu. Mwingine akanionya kwamba wanaume wadogo hawatulii. Niliwajibu wote, kila mmoja kwa kiwango chake. Mtu akitaka kunicheka anicheke, lakini asitegemee nitainamisha kichwa.

Hakuna aliyeleta pingamizi. Tulifunga ndoa ya Leta siku ya Jumatano asubuhi, na saa sita nilikuwa nimerudi kwenye muhogo wangu.

Ilibaki miaka kumi na miwili. Ili kuirudisha, ilibidi twende mahakamani Fizi, tukapate hukumu inayoshika nafasi ya cheti cha kuzaliwa. Tulipanda mlima kwa pikipiki tatu: mimi, yeye, na dada yake mkubwa kutoka Lweba, mwanamke mkavu mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto, tuliyemchukua awe shahidi. Mkuu wa ekipe alikuja pia, kwa hiari yake, kwa sababu alisikia kuna kesi ya mvuvi wake na akadhani amedhulumiwa. Sikujua kwamba amekuja mpaka nilipomwona mlangoni, kofia mkononi. Mume wangu alimwona pia. Mgongo wake ukanyooka.

Dada mtu alitoa ushahidi kwanza.

"Huyu nilimubeba mugongoni tukikimbia vita ya zamani, ile ya wakati tuko batoto," alisema. "Alikuwa anakojoa mugongoni kila kilima. Mi meno ya utoto ilikuwa imeanguka yote, ya ukubwa imeota. Sasa we hesabu. Mutoto wa hamsini na munane atoke wapi? Mi niko na miaka makumi nane, niko karibu kufa."

Hakimu alihesabu. Kisha akamgeukia mume wangu, akamuuliza swali ambalo kila mtu alijua linakuja.

"Muzee, juu ya nini ulidanganya Leta?"

Nilimtazama. Angeweza kusema karani alikosea. Makarani hukosea kila siku na hakuna ambaye angeshangaa. Mimi mwenyewe nilikuwa nimempa maneno hayo njiani. Mkuu wa ekipe alikuwa amesimama hatua nne kutoka kwake.

"Sikudanganya Leta, Prezida," akasema, kama tunavyowaita mahakimu. "Nilidanganya bavuvi benzangu. Nilitaka kubaki mu maji. Mi ni muzee. Niko na miaka makumi saba."

Mtu huyu amezika mama yake, amezika mtumbwi wake uliochomwa, na sijawahi kumsikia akisema neno kwa sauti ndogo vile. Nilimwonea uchungu. Hukumu ilipigwa muhuri. Nje, mkuu wa ekipe alimshika mkono kwa mikono yake miwili, akamwita muzee kwa mara ya kwanza, na nilijua maana yake. Jumatatu iliyofuata kigoda kilikuwa kimewekwa.

Ningependa kusema alizoea. Hakuzoea. Alishona vibaya makusudi siku mbili, vijana wakafumua na kushona upya bila kumwambia kitu, na hiyo heshima yao ilimuumiza kuliko matusi. Nyumbani akawa mkali na chumvi, mkali na mlango, mkali na kuku. Nilimvumilia. Nilijiambia maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, na sisi tulikuwa tumeshavua: cheti cha ndoa tunacho, hukumu tunayo, nchi zote mbili sasa hazina la kutuambia.

Juma moja kabla ya mlango kufungwa, binti yangu alipiga simu. Mara hii hakutuma sauti, alipiga, na nilisikia pumzi ile.

"Mama, ile mariaji yenu, banasema lazima ikuwe na miaka mbili. Ni sheria ya sasa hii. Papa hawezi kuingia mu dosye. Lakini yako imepita, Mama! Yako imepita! Iko na nafasi yako. Unabonyeza tu 'ndiyo'."

Nikamuuliza kama arobaini na mitatu si zaidi ya miwili. Akasema wanahesabu tangu tarehe ya muhuri. Nikamuuliza ile nchi ya bahari inasemaje. Akasema ile inatukubali wawili kwa leo, lakini kuna fununu kwamba na wao watapandisha umri au watasimamisha kabisa, hakuna anayejua, na wakati huo nafasi ya kwake itakuwa imepotea. Akalia. Aliniambia watoto wanauliza bibi anakuja lini. Aliniambia ameshatandika kitanda.

"Papa atafuata, Mama. Miaka mbili si mingi."

Nikamwambia akae kitako, nimwambie jambo ambalo sikuwahi kumwambia.

Vita vilipofika kwetu, baba yake alinisukumia kwenye mtumbwi pamoja na wanangu watatu, kaka zake, na yeye binti yangu akiwa tumboni. Alisema, tangulia, nitafuata. Mama mkwe wangu alikuwa mgonjwa, hawezi kuhamishwa, na mume wangu alidhani ni majuma tu. Ilikuwa miaka minne. Minne! Nilizaa upande wa pili wa ziwa, kambini, bila mtu wa kumtuma kumwambia ni mtoto wa kike. Kila kundi lililofika nilikwenda kuangalia nyuso. Nilijifunza kutouliza, maana wanawake waliokuwa wakiuliza walikuwa wakijibiwa. Na siku alipotokea, amekonda, mguu umefungwa kitambaa, mtoto alikuwa amekaa mlangoni pa hema letu. Akageuka, akaniita mimi niliyekuwa ndani: Mama, kuna mgeni.

"Ni we ulisema hivyo," nikamwambia. "Ulikuwa na miaka karibu mine. Ulimwita mgeni mwezi muzima, na alikuwa anaitika. Alikuwa anaitika kabisa, 'mgeni niko hapa.' Halafu anatoka inje kulia."

Nikasikia ile pumzi yake tena.

"Mama," akasema, "unanikatalia juu ya kitu nilisema nikiwa mutoto?"

"Hapana. Ninakupenda kuliko unavyojua, na hao batoto wako ninawalilia. Ninakatalia ile neno tu. Atafuata. Siitaki tena mu maisha yangu."

Alikata simu. Simlaumu. Alikuwa amefanya kazi zamu mbili mbili kutafuta nafasi ile, na mimi nilikuwa nikimrudishia kama yule mbuzi wa jicho bovu.

Asubuhi nilikwenda sekretaria. Yule mama alifungua dosye yangu, faili la nchi ya theluji. Kulikuwa na sehemu mbili za kubonyeza, kukubali na kuondoa ombi. Niliwaza juu ya wale watoto wawili, ambao labda watakuwa wakubwa kabla sijajua harufu ya vichwa vyao. Niliwaza juu ya magoti yangu pia, mimi si malaika.

"Mwalimu, kama ninabonyeza hapa, hakuna kurudi," akasema.

"Bonyeza."

Akabonyeza. Kisha tukajaza ile ya bahari, jina langu na jina la mume wangu, ukurasa kwa ukurasa, na mahali pa umri tukaandika sabini kwa tarakimu kubwa. Wakajibu papo hapo kwamba wamepokea na kwamba masharti yanaweza kubadilika wakati wowote bila taarifa. Angalau hao wamesema ukweli mapema.

Nilishuka mpaka ufukweni. Alikuwa kwenye kigoda, wavu magotini, na alinisoma usoni kabla sijafika.

"Umekubali?"

"Nimekataa."

Aliitupa sindano mchangani. Wavuvi waliokuwa wakianika ndagala waligeuka, kisha wakajifanya hawakugeuka.

"We mwanamuke uko na kichwa gani?" alisema. "Mi nilisimama mbele ya Leta nikasema mi ni muzee! Mbele ya mukubwa wangu! Maji nimeikosa, kila kitu nimekosa, juu we uende upumuzike kwa mutoto. Na we unaenda kukataa? Unanifanya mi mujinga?"

Basi hivyo ndivyo ilivyokuwa. Muda wote ule, tangu siku ya shati jeupe, hakuwa akitafuta njia ya watu wawili. Alikuwa akinitengenezea karatasi nisiwe na kisingizio cha kubaki. Nilimkasirikia mpaka nikakosa pumzi, na nilimpenda vilevile, mambo mawili kwa wakati mmoja, na yote mawili nilimwambia pale pale mbele za watu.

"Ulikubali kuzeeka juu yangu," nikasema. "Asanti. Sasa zeeka mbele yangu, nikuone."

Alitazama ziwa. Niliketi chini mchangani, magoti yakalia, nikaiokota sindano na kuifuta mchanga kwa kitenge changu, nikampa. Hakuipokea mara moja.

"Na ile ingine, ya bahari," akasema. "Kama nayo banafunga?"

"Bafunge," nikamwambia. "Batatufungia sisi wawili."